Breki Nyekundu za Shemeji

Shemeji yangu aliingia gereji Jumatatu asubuhi na boksi kwapani, anatabasamu mwenyewe. Akaliweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya spana, akafuta vumbi mahali pa kuegemeza kiwiko, ndipo akasema:

"Shemeji, leo unanifungia breki za nguvu."

Nikafungua boksi. Mlikuwa na vifuniko vinne vya plastiki, vyekundu kama kucha za bibi harusi. Havikuwa breki. Vilikuwa nguo za breki. Mtu anavibandika juu ya kalipa, lile koleo la chuma linalobana diski ili gurudumu lisimame, na anayepita njiani akichungulia kwenye rimu anaona wekundu, anadhani hapa pana mambo.

"Hii ni plastiki," nikamwambia.

"Ni plastiki ya hali ya juu."

"Ikipata moto itayeyukia kwenye diski yako."

"Kwani breki hupata moto?"

Huyo ndiye mume wa mdogo wangu. Ana pikapu ya tani mbili, ana leseni ya miaka kumi na tano, na ana kazi katika ofisi ya bima, ambako kutwa anakaa kwenye kiti cha kuzunguka akipima hasara za watu waliogongana. Mtu huyo ananiuliza mimi kama breki hupata moto. Nikarudisha vifuniko ndani ya boksi, nikamwambia ampe binti yake achotee mchanga.

Mimi ni fundi breki. Injini sigusi, rangi sigusi, redio ndiyo kabisa usiniletee. Miaka ishirini na miwili nafunga breki katika banda hili alilolijenga baba, na kuta zake zimekunywa vumbi la pedi mpaka chokaa haishiki tena. Baba alitufundisha sote wawili, mimi na mdogo wangu, tangu tulipokuwa tunalifikia bampa kwa kidevu. Mimi nikabaki na spana, mwenzangu akaenda kwenye vyerehani, na leo ana karakana yake ya kushona sare za shule. Lakini kuna kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekisahau, nacho ni kibao cha baba.

Ni kipande cha bati, ukubwa wa kiganja, kimeandikwa BADO kwa rangi nyeupe na kutobolewa tundu la waya. Gari likishaguswa breki, kibao kinatundikwa kwenye usukani. Hakitoki hapo mpaka fundi mwenyewe aliendeshe gari hilo, likiwa na mzigo ule ule linaobeba siku zote, alishushe mteremko na alisimamishe. Kibao kikiwepo, hata mwenye gari haruhusiwi kuwasha. Kibao kisipokuwepo, chukua gari lako uende zako. Baba hakuwa na mihuri wala vyeti ukutani. Alikuwa na kibao, na watu walikiamini kuliko muhuri.

Sasa hiyo pikapu. Ilinunuliwa kwa ajili ya karakana ya mdogo wangu, ibebe majora ya vitambaa na marobota ya sare, na ilikuwa gari lenye heshima zake. Halafu shemeji akaingia kikundi. Wanajiita Wababe wa Matope: wanaume kumi na wanne wenye vitambi na pikapu zilizoinuliwa, ambao kila Jumamosi hukutana kuoshewa magari. Matope hawajayaona ila kwenye picha. Mwenyekiti wao ni daktari wa meno. Kila mmoja ana jina la kivita, na shemeji wanamwita Komandoo, naye akiitwa hivyo huvuta tumbo ndani.

Ili awe Komandoo ilibidi gari liinuke. Akalipeleka kwa watu anaowajua yeye, sikuulizwa, wakaliinua inchi nne na kulivika matairi yanayonifika kiunoni. Mdogo wangu siku hizi anapanda gari lake mwenyewe kwa kigoda. Akishapanda anakivuta kwa kamba na kukiweka nyuma ya kiti, akifika anakishusha kwanza kigoda, kisha anashuka yeye. Binti yao wa miaka sita ananyanyuliwa kama mfuko wa unga. Mume anatazama haya yote kila asubuhi na bado anajiona ameboresha kitu.

Tairi kubwa ni zito kulizungusha na zito kulisimamisha. Pikapu ikawa inachelewa kusimama, shemeji akapata hofu mara mbili tatu kwenye makutano ya barabara, na badala ya kuja kwa fundi akakimbilia plastiki. Haya, hatimaye alikuwa amekuja, japo na plastiki yake. Nikalala kwenye ubao wangu wa magurudumu nikajisukuma uvunguni nione hali. Huko nyuma nikakuta kitu kilichonifanya nicheke peke yangu.

Pikapu za mzigo za namna hii zina vali ndogo huku nyuma, imefungwa kwenye chasisi, na fimbo nyembamba inayoiunganisha na ekseli, mhimili wa magurudumu. Gari likiwa tupu, mgongo wake uko juu, fimbo inaning'inia, na vali inazipunguzia nguvu breki za nyuma ili magurudumu mepesi yasiserereke. Ukipakia mzigo mgongo unashuka, fimbo inasukuma, vali inafunguka, na breki za nyuma zinapata haki yao. Ni chuma kidogo chenye akili kuliko Wababe wote kumi na wanne. Sasa hao mabingwa walioinua gari waliinua mgongo inchi nne, na fimbo wakaiacha kama ilivyokuwa. Vali ikawa inaamini kwamba gari ni tupu siku zote. Hata ungepakia ng'ombe wawili, vali ingesema tupu. Breki za mbele ndizo zilizokuwa zikifanya kazi ya magurudumu manne.

Dawa yake ni kipande cha chuma cha inchi nne, chenye matundu mawili juu na mawili chini, cha kunyanyulia mguu wa fimbo pale kwenye ekseli. Ni kazi ya dakika ishirini.

Nikatoka uvunguni. Naapa kwamba nilianza kumwambia.

"Shemeji, huku nyuma kuna..."

"Nyuma hakuonekani," akanikata, macho yako kwenye simu. "Breki za nyuma zimo ndani ya ngoma ya chuma, nani atazitazama? Tuanze na zinazoonekana."

Kisha akanigeuzia simu nisome. Mwenyekiti alikuwa ameandika: *Komandoo, usimsikilize sana huyo shemeji yako. Mafundi wa mabandani wana mambo ya kizamani.* Chini yake madole gumba yamejipanga. Nikayahesabu. Yalikuwa kumi na matatu, na moja lilikuwa la shemeji.

Hapo nikafunga mdomo. Sitaki mtu anitetee: sikusahau, wala sikupitiwa. Niliamua. Nikasema moyoni, haya Komandoo, nunua zinazoonekana. Mimi nitakuonyesha isiyoonekana, na nitakuonyesha mbele ya madole gumba yako yote.

Jumatano akanipitia twende kuchagua. Duka la vipuri lilikuwa na taa nyingi kama chumba cha upasuaji, na muuzaji alivaa glavu nyeupe kushikia diski. Glavu! Mimi nimeshika diski kwa mikono mitupu mpaka vidole vimelainika, nikiweka dole kwenye fomu ya serikali linatoka doa tu. Huyu kijana anashika chuma cha kusimamishia gari kana kwamba ni yai.

Akatupangia seti tatu juu ya zulia jeusi. Diski zenye mistari. Diski zenye matundu. Diski zenye mistari na matundu pamoja, kwa wale wasiojua wanataka nini. Kila seti na kalipa zake, kubwa, zinang'aa.

"Hizi wanatumia watu wa mashindano," akasema.

"Mashindano gani?" nikauliza.

"Ya... mashindano."

"Zimejaribiwa kwenye pikapu yenye mzigo?"

"Mama, hizi zipo za nyekundu, za njano na za bluu."

Nikamtazama, nikaona nisijisumbue. Shemeji alikuwa ameshapiga picha na kuzituma kikundini, na Wababe wakaanza kupiga kura. Daktari wa meno akaandika kwamba matundu ni muhimu kwa sababu yanaifanya breki ipumue. Sijui huyu akikutoboa jino anakwambia nalo linapumua. Mwingine akasema njano inaonekana mbali zaidi usiku. Mwingine akasema bluu ni ya kike. Walibishana saa nzima, watu wazima, saa za kazi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza gari linabeba nini. Nilikuwepo siku shemeji alipokuja kwetu kuposa, na hakufikiri hata nusu ya alivyofikiri siku ile mbele ya rangi tatu.

Diski zenyewe hazikuwa mbaya, sizisingizii. Kwa gari tupu kwenye barabara tambarare zingemsimamisha vizuri. Lakini kuongeza nguvu mbele wakati nyuma kumelala ni sawa na kumlisha vizuri mtu mmoja ili abebe kabati ambalo mwenzake amekaa juu yake.

Nyekundu ikashinda. Shemeji akatia simu mfukoni, akanigeukia, na safari hii aliniuliza kweli kweli. Sura yake ya Komandoo ilikuwa imemtoka. Alikuwa mtu wa makamo tu mwenye tai iliyopinda, amesimama kati ya vitu asivyovielewa.

"Shemeji, wewe ndiye fundi," akasema. "Hizi zitatosha? Maana mdogo wako ndiye anayebeba mizigo, na mtoto."

Ilikuwa nafasi safi kabisa. Muuzaji alikuwa ameenda kutafuta boksi. Madole gumba yalikuwa mfukoni.

"Chagua roho inachopenda," nikamjibu.

Alhamisi nikazifunga. Kazi yangu niliifanya vizuri, hilo sitalikana: bolti nilizikaza kwa kipimo, mipira ya mafuta ya breki niliyoikuta imevutika kwa sababu ya kuinuliwa nikaibadilisha kwa mirefu, upepo nikautoa mpaka pedali ikawa ngumu. Nikalijaribu gari tupu kwenye barabara ya mbele ya gereji, likasimama hapo hapo. Halafu, shemeji alipokuwa bado ofisini, nikachukua bamba la chuma, nikakata kipande cha inchi nne, nikakitoboa, nikakipiga tupa, nikakipaka rangi nyeusi. Kilipokauka nikakitia mfuko wa ovaroli.

Mpango wangu ulikuwa huu. Jumamosi Wababe wote wangekuja kuona breki mpya. Ningewapeleka uwanja wa nyuma ya maghala, ningepakia mifuko ishirini ya mchanga kwenye pikapu, ningechora mstari wa chokaa na kupanga maboksi matupu mbele yake. Ningemwambia Komandoo aje mbio na asimame kwenye mstari. Angeyapitia maboksi yote. Ndipo ningetoa kile kipande mfukoni na kusema, taratibu, bila kupaza sauti: "Hiki ndicho kisichoonekana." Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, nimesimama mbele ya kioo cha lori la mteja, najifunza jinsi ya kumuumbua mume wa mdogo wangu.

Kibao cha BADO kilikuwa kwenye msumari wake. Nikakishika. Sheria ya baba ilikuwa wazi: gari halijajaribiwa na mzigo, kibao kinakwenda kwenye usukani. Lakini nikikitundika, shemeji angeuliza bado nini, na mimi ningelazimika kumwambia leo leo, hapa hapa, sisi wawili tu. Angesema ahsante, kipande kingefungwa, yangekwisha, na Jumamosi yangu ingeharibika. Nikajiambia ni siku moja tu, na Komandoo haendi popote ila ofisini. Nikakirudisha kibao kwenye msumari. Jioni akalichukua gari lake, akapiga honi mara tatu akitoka.

Ijumaa saa nne asubuhi akaja tena, kwa miguu, tai imetupwa begani kwa joto.

"Wanauliza kesho waje saa ngapi," akasema. "Mwenyekiti anakuja na kamera."

"Gari liko wapi?"

"Kalichukua mdogo wako. Lori alilokodi limeharibika, na vile vyerehani anavyokiuzia chuo cha ushonaji lazima vifike leo. Kumi na viwili, vile vya miguu ya chuma."

"Chuo gani?"

"Kile cha bondeni. Amekwenda na binti, shule zimefungwa."

Kwenda bondeni ni kilomita saba za mteremko na kona, upande mmoja mlima, upande wa pili hakuna kitu. Nikachukua simu nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mdogo wangu hapokei simu akiwa kwenye usukani. Nilimkataza mwenyewe, miaka mingi iliyopita, kwa ukali.

Gari pekee lililokuwa tayari kuondoka lilikuwa la mwalimu mmoja wa hesabu aliyestaafu, gari dogo la kwenda sokoni na kurudi. Nililibadilisha pedi jana yake jioni, Komandoo alipokwisha kuondoka. Nikafungua mlango, na kwenye usukani kilikuwa kinaning'inia kibao cha BADO. Mwalimu wa watu, anayebeba mchicha, yeye nilimtundikia. Nikakivuta, nikakitupa kiti cha nyuma, nikawasha. Shemeji akaingia hata kabla sijamwita.

"Kuna nini?" akauliza.

"Breki."

"Lakini ni mpya!"

"Ni mpya."

"Hukuzijaribu?"

"Nilizijaribu gari likiwa tupu."

Hakuuliza tena. Alishika kishikio cha mlango kwa mikono miwili. Nilitaka azungumze. Nilitaka aseme upuuzi wowote, nimdharau, nipumue. Kona ya kwanza tukapita, kona ya pili tukapita, na kwenye ya tatu nikaisikia harufu. Ni harufu ninayoijua kuliko ya manukato: pedi zilizoungua.

Pikapu ilikuwa kona ya tano, pua imezama mpaka kwenye taa ndani ya lundo la kokoto walizoziacha wajenzi wa barabara. Mita kumi na tano mbele ya lundo hilo barabara inakata kushoto na bonde linaanza. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele, na zile kalipa nyekundu zilikuwa zimeungua zikawa rangi ya sufuria kuukuu. Vyerehani vitatu vilikuwa chini barabarani.

Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya njia, mdomo umevimba, amekumbatia kopo la vifungo. "Mama mkubwa," akaniambia, "tuligonga mawe." Shemeji alikuwa ameshafika, amepiga magoti kwenye kokoto na suruali yake ya ofisini, anampapasa mtoto kichwa, mikono, miguu, kisha anaanza tena kichwa. Alikuwa analia bila kujificha.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya gari na kiatu kimoja. Hakuwa analia. Alikuwa anafikiri.

"Kona mbili za kwanza zilishika," akaniambia hata kabla sijamfikia. "Ya tatu ikashika kwa shida. Baadaye pedali ikalainika, nakanyaga inakwenda mpaka chini. Nikarudisha gia mpaka ya kwanza, nikavuta hendibreki kidogo kidogo kama baba alivyotuonyesha. Hendibreki ikashika, dada. Ikapunguza mpaka nikaweza kulielekeza kwenye kokoto."

"Ulifanya vizuri."

"Sikiliza kwanza. Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo breki za nyuma ni nzima. Sasa kwa nini pedali haikuzipata?"

Ametoka gereji miaka ishirini, anashona kola na mifuko, na bado amefika kwenye ugonjwa wenyewe akiwa na kiatu kimoja. Hendibreki inavuta kwa waya wake, haipiti kwenye vali. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, uongo mzuri, wa kifundi: pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski, pikapu haikupaswa kubeba mzigo mapema. Shemeji angeuamini. Wababe wote wangeuamini na kuuwekea dole gumba.

Nikatia mkono mfukoni nikatoa kile kipande.

"Hiki kilitakiwa kiwe nyuma, kwenye fimbo ya vali," nikasema. "Waliinua gari, vali wakaiacha."

Ile sentensi yangu ya mbele ya kioo sikuikumbuka. Mdogo wangu akakichukua, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye matundu manne. Akakwaruza rangi kwa ukucha. Haikutoka, ilikuwa imekauka vizuri.

"Umekikata lini?"

"Jana."

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

Shemeji akainuka, mtoto begani. "Alijaribu kuniambia," akasema haraka. "Jumatatu ile. Nilimkata kauli mimi, nikamwonyesha upuuzi wa kwenye simu. Kosa ni langu." Komandoo, mwenye plastiki nyekundu, ananitetea mimi. Ningependa zaidi anipige kofi.

Mdogo wangu hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nilitazama usukani, dada," akasema. "Kabla sijampandisha mtoto. Nilipanda peke yangu kwanza, nikatazama usukani."

Nikaenda kutafuta spana kwenye buti la gari la mwalimu.

Tulikifunga kile kipande pale pale barabarani baada ya magurudumu kupoa, maana gari lilihitaji kuondoka. Shemeji alilala uvunguni pamoja nami na tai yake, akanishikia spana, akauliza hiki ni nini, kile kinafanya nini, fimbo inasukumaje. Aliuliza maswali ya mtoto wa shule, moja moja, na kila jibu alilirudia ili alishike. Dakika ishirini. Nilizihesabu. Mwishoni akasema, "Ahsante shemeji," na alimaanisha.

Jumamosi Wababe walikuja hivyo hivyo, na kamera yao. Shemeji hakuwaonyesha kitu chekundu. Aliwalaza uvunguni mwa magari yao, mmoja mmoja, wakichafua fulana zao safi, kila mtu akatazame fimbo yake. Tisa kati ya hao kumi na watatu walikuwa na ugonjwa ule ule. Daktari wa meno alikuwa mmojawapo, naye aliniuliza kama hiyo fimbo ipo ya rangi nyingine. Nilimkatia kipande chake bila kumjibu, na kwenye usukani wake nikatundika kibao. Nimekata vingine vya bati sasa, viko sita, na hakuna gari linalotoka bila kulala na kimoja.

Mdogo wangu hajanitukana. Huleta pikapu kila baada ya miezi mitatu, huniamkia vizuri, huniulizia mgongo wangu, huniletea vitambaa vya kufutia mikono vilivyobaki karakana. Nikimaliza kazi natoa kibao kwenye usukani mbele ya macho yake, nikijua kwamba nimeshalishusha gari na mzigo na kulisimamisha. Ananishukuru. Halafu anatandika gunia sakafuni, anakunja gauni lake magotini, analala chali na kuingia uvunguni kuitazama fimbo mwenyewe.

Haombi msaada. Lakini huko nyuma ni giza, kwa hiyo mimi huchuchumaa na kumshikia tochi.